Mpangaji Mwema Akiomba Kuondoka Kabla ya Muda

Analipa kodi bila kukumbushwa, hakupigii simu kwa sababu ya balbu, na majirani wanamsema vizuri. Siku moja anakutumia ujumbe: "Shikamoo mama. Nina jambo naomba tuongee." Aliyepangisha kwa miaka kadhaa hujua kinachofuata. Kapata uhamisho, kwani tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake Dodoma, wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wameshawaaga wapangaji watumishi. Au kaitwa kazini Mwanza. Au nyumba yake kule Chanika imeshaezekwa na kaamua kuhamia hivyohivyo, plasta itakuja baadaye. Mkataba una miezi minne mbele. Kodi ya miezi hiyo alikwishakulipa, na wewe ulikwishaipeleka kwenye ada za watoto.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la kwetu hasa. Nairobi kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba akishika amana, kwa hiyo mpangaji akiondoka mapema mwenye nyumba huwazia kodi ambayo hataipata. Dar es Salaam watu hulipa miezi mitatu, sita, au mwaka mzima kwa mkupuo. Ombi la kuvunja mkataba huwa ni ombi la kurudishiwa pesa, hata kama mpangaji kwa heshima yake hakulitamka hivyo. Wenye nyumba wengi wana jibu moja: kodi ikishalipwa hairudi.

Jibu hilo ni jepesi, na mara nyingi ni hasara. Mpangaji aliyeambiwa hivyo ataondoka tu, kwa sababu kazi ya Mwanza haimsubiri. Atafunga mlango, atakwenda na funguo, na utakaa miezi minne ukiitazama nyumba yenye mchwa na mabomba makavu, huku vibaka wakipiga hesabu ya madirisha ya alumini. Au ataingiza binamu yake usiyemjua. Ukimwachia kwa utaratibu, yeye mwenyewe atakusaidia kumpata anayefuata, na pesa ya kumrudishia itatoka kwa huyo anayefuata, si mfukoni mwako. Ila kazi hiyo ianze akiwa bado yumo ndani.

Siku ya kwanza

Usikubali wala usikatae kwenye simu. Ukisema "sawa mwanangu, usijali" kwa kumwonea huruma, yeye atasikia kwamba umeahidi kumrudishia kila shilingi. Ukisema "haiwezekani" kwa hasira, atafunga mazungumzo na kuanza kupakia vyombo. Mjibu kwa maandishi, hivi:

"Nimekuelewa mwanangu. Niandikie, hata hapahapa WhatsApp, unataka kukabidhi nyumba tarehe gani. Nikipata tarehe tutakaa chini tupige hesabu pamoja. Kwa sasa usimwambie dalali yeyote mpaka tuonane."

Hilo la dalali lina sababu. Dalali akisikia nyumba inaachwa, kesho ana picha zake mtandaoni, bei kaweka mwenyewe, na keshokutwa watu wanagonga geti saa moja asubuhi baada ya kutozwa pesa ya kuonyeshwa. Dalali ana kazi yake, lakini aje baadaye, kwa masharti yako.

Ombi liandikwe na aliyesaini mkataba. Kama alisaini mume na anayekupigia ni mke, hata kama unamwamini kuliko mumewe, subiri neno la mume. Ugomvi wa ndani ya nyumba huja na madai ya pesa, na hutaki kuwa umempa mmoja kile anachodai mwingine.

Mkikutana muulize swali moja kwa upole: kama si kazi au nyumba yake, angebaki? Mpangaji mwema huficha kero kwa adabu. Huenda maji hutoka usiku wa manane tu na hana pampu, au baa mpya ya jirani inapiga muziki mpaka alfajiri, au mpangaji mwenzake uani anagawa bili ya umeme anavyotaka. Ukipata jibu la kweli, litakufaa kuliko kodi ya mwezi, kwa sababu anayefuata ataondoka kwa sababu hiyohiyo, na huenda yeye asiwe na adabu ya kuaga.

Karatasi na sheria

Toa mkataba kabatini usome. Angalia kama una kipengele cha kumaliza kabla ya muda, notisi ya siku ngapi, na kama unasema lolote juu ya kodi isiyotumika. Mikataba mingi ya mtaani, ile ya kurasa mbili inayouzwa steshenari, husema mpangaji atoe notisi ya mwezi mmoja lakini haisemi kitu kuhusu pesa. Maana yake mna nafasi ya kukubaliana wenyewe.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba Tanzania, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uzito mkubwa uko kwenye mkataba wenyewe, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na Sheria ya Mikataba. Mambo mawili yanatosha kwa mwenye nyumba wa kawaida. La kwanza: kama mkataba wenu ulikwisha na mpangaji anaendelea kukaa na kulipa mwezi kwa mwezi, huyo hana muda wa kuvunja. Sheria ya Ardhi inauhesabu upangaji wa namna hiyo kuwa wa vipindi, na notisi yake haipungui urefu wa kipindi kimoja cha malipo. Akikupa mwezi, kakupa haki yako.

La pili ndilo zito. Mpangaji mwenye mkataba wa muda maalumu akiondoka mapema bila ridhaa yako, kavunja mkataba, na una haki ya fidia. Lakini kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinazungumzia fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na kinataka pia itazamwe njia iliyokuwepo ya kuipunguza hasara hiyo. Kwa lugha ya nyumba za kupanga, huwezi kukaa na nyumba tupu kwa makusudi ukamdai aliyeondoka, na huwezi kupata mpangaji mpya halafu ukasema bado umepata hasara ya miezi yote minne.

Hesabu

Tuseme kodi ni 300,000 kwa mwezi. Alilipa 1,800,000 kwa Januari hadi Juni. Ombi limekuja mwanzoni mwa Februari, na anataka kukabidhi tarehe 28. Imebaki Machi, Aprili, Mei na Juni, yaani 1,200,000 iliyo mikononi mwako kwa ajili ya miezi ambayo hatakaa.

Mpangaji mpya anaingia tarehe 1 Aprili na analipa miezi sita, 1,800,000. Nyumba imekaa tupu Machi. Kata 300,000 ya Machi, mrudishie wa kwanza 900,000. Sasa jumlisha: umepokea 3,600,000 kwa watu wawili, umerudisha 900,000, umebaki na 2,700,000. Hiyo ni kodi kamili ya miezi tisa, Januari hadi Septemba. Hukupoteza hata shilingi. Usiporudisha kitu, Aprili, Mei na Juni umezilia kodi mara mbili, na hapo ndipo mpangaji akikupeleka kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba utapata shida ya kueleza hasara yako iko wapi.

Mpya akikubali 280,000 tu, tofauti ya 20,000 kwa miezi mitatu iliyobaki ya mkataba wa zamani ni 60,000. Nayo ni hasara halali ya kukata, mradi bei hiyo mliiona pamoja. Akikubali 320,000, ongezeko ni lako. Lakini jihadhari na tamaa hapa. Wenye nyumba wengi wakiona nyumba inaachwa hupandisha bei papo hapo hadi 400,000, kisha nyumba inakaa tupu miezi miwili na wanataka aliyeondoka aibebe miezi hiyo. Mwezi uliopotea kwa sababu ya bei yako ni wako.

Rangi usimkate. Ungepaka hata angekaa mpaka Juni. Matundu ya misumari na ukuta uliofifia ni uchakavu wa kawaida. Sinki lililovunjika, mlango uliopasuliwa na kioo kilichopasuka ni gharama zake. Wapo wenye nyumba wanaomtoza anayeondoka gharama za kuifanya nyumba iwe bora kuliko alivyoikuta. Usiwe mmoja wao.

Kuna njia nyingine iliyo safi zaidi kama una akiba: mnakubaliana kwamba anakuachia kodi ya mwezi mmoja, nawe unamrudishia iliyobaki siku ya kukabidhi funguo, iwe umepata mtu au hujapata. Hatari yote unaibeba wewe. Kwa nyumba ya Sinza au Mwenge, ambako chumba kizuri hakikai, naona ni biashara nzuri na inaokoa maneno. Kwa nyumba ya mbali na barabara ya lami, baki kwenye njia ya kwanza.

Na kama pesa imeshaliwa na mpangaji mpya kalipa miezi mitatu tu? Mwambie ukweli, mgawanye marejesho kwa awamu mbili zenye tarehe. Tarehe ya mbali unayoweza kuitimiza inamsaidia kuliko ya karibu utakayoipiga chenga.

Mpangaji wa kampuni ni habari nyingine kidogo. Kampuni hukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Ikiwa kodi ni 2,000,000 kwa mwezi, wewe ulipokea 1,800,000. Wakiomba kurudishiwa miezi minne, barua yao itasema 8,000,000, ilhali mkononi kwako ilifika 7,200,000. Usisaini kurudisha usichopokea kabla ya kukaa na mhasibu wako na wao wakiwa na hati za makato yote.

Kumpata anayefuata

Nyumba yenye pazia, kochi na harufu ya chakula hupangishika haraka kuliko vyumba vitupu vinavyorudisha mwangwi, kwa hiyo wiki hizi za notisi ni mali. Kubaliana naye siku za kuonyesha, mathalani Jumamosi na Jumapili mchana, na hakuna mtu kuingia bila simu. Bado ni kwake. Mlipia kodi hapaswi kukuta wageni sebuleni eti kwa sababu anahama.

Muombe alete mtu. Wapangaji wema hufahamiana na wapangaji wema: mfanyakazi mwenzake, mwanakwaya mwenzake, mtu wa msikitini kwao. Na huyo mpya ana sababu ya kukimbilia, kwani bila dalali anaokoa kodi ya mwezi mzima. Kwa mfano wetu ni 300,000 anayoweza kuiongeza kwenye malipo yake. Mwanzoni mwa mwaka, shule zinapofunguliwa na watu wanahama kufuata vituo vya kazi, hata tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa linaweza kutosha.

Lakini anayeletwa umhoji wewe. Kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, kazi yake, watu watakaokaa ndani. Sifa za anayeondoka hazihamii kwa anayeingia. Na usikubali lile pendekezo la kirafiki, "mdogo wangu atamalizia miezi iliyobaki." Huyo mdogo hana mkataba nawe. Miezi ikiisha utadai kodi kwa mtu aliye Mwanza huku mwingine amelala ndani. Kama mdogo wake anafaa, vizuri: malizeni mkataba wa zamani, mwandikie mdogo mkataba wake, kwa jina lake.

Kukabidhiana

Fanyeni mchana, nyumba ikiwa tupu. Pitieni chumba kwa chumba na simu mkononi, mpige picha kuta, milango, choo, sinki, paa la veranda. Someni mita. Umeme wa LUKU hulipiwa kabla, kwa hiyo deni si kawaida. Zikibaki yuniti nyingi, ama mlipe au ukubaliane na anayeingia amlipe. Maji ni kinyume chake. Bili ya DAWASA huja baada ya kutumika, na ya mwisho itafika yeye keshaondoka. Chukua namba ya mita ya siku hiyo, toa ile ya bili iliyopita, pigeni hesabu ya yuniti zilizotumika, mmalizane palepale. Kwenye ua wa wapangaji wengi wanaogawana bili, waite wote, la sivyo utasikia baadaye kwamba "yule aliyehama" ndiye aliyekuwa akimaliza maji. Uliza pia pesa ya taka na ya ulinzi wa mtaa.

Kuna kitu kimoja ambacho mpangaji mwema huwa hakisemi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kama mkataba wenu hausemi vingine, aliyekaa miaka miwili kwa kiwango hicho cha 1,500 kakulipia 36,000. Iweke kwenye hesabu kabla hajaiomba.

Funguo zote zirudi, pamoja na ile ya akiba aliyompa dada wa kazi. Halafu badilisha kitasa kwa gharama yako, bila kumaanisha kwamba humwamini.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, nakala mbili. Yanaweza kusomeka hivi:

"Sisi, mwenye nyumba na mpangaji, tumekubaliana kumaliza mkataba wetu wa tarehe … kuanzia tarehe …, siku ambayo mpangaji atakabidhi nyumba na funguo zote. Kodi iliyolipwa kwa kipindi kinachobaki ni shilingi …. Mwenye nyumba ataikata kodi ya siku ambazo nyumba itakaa bila mpangaji mpya, pamoja na madeni yaliyoorodheshwa hapa chini, na kurudisha salio ndani ya siku 7 tangu mpangaji mpya alipe. Mwenye nyumba hatapangisha kwa bei inayozidi shilingi … katika kipindi hicho bila mpangaji kujua. Nyumba isipopata mpangaji hadi tarehe ya mwisho ya mkataba wa awali, hakuna kitakachorudishwa. Baada ya malipo hayo hakuna anayemdai mwenzake."

Mashahidi wawili wanatosha, na mjumbe wa mtaa akiwa mmoja wao ni bora. Kwa chumba na sebule huhitaji wakili. Kwa fremu ya duka au nyumba ya milioni moja kwa mwezi, mlipe wakili asome kabla ya saini. Marejesho yapite benki au kwenye simu, kwa jina la aliyesaini mkataba, usimpe mkononi hata kama kakuletea keki ya kuagana. Atakapoomba barua ya kumtambulisha kwa mwenye nyumba wa Mwanza, iandike siku hiyohiyo: muda aliokaa, jinsi alivyolipa, hali aliyoiacha nyumba. Mistari mitatu.

Pa kukataa

Kataa anayetaka pesa yote kabla hajatoa vyombo. Kataa kurudisha kwa mwenye deni la kodi au la maji mpaka deni likatwe kwanza. Na kama ulibadili jengo kwa ajili yake, mathalani ulivunja ukuta wa fremu kwa vipimo vya jiko lake la mkate, gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo kabla ya tarehe yoyote kutajwa. Hata hapo jibu lisiwe hapana tupu. Sema: "Kurudisha sasa siwezi. Ukileta mtu anayechukua fremu ilivyo, tutazungumza." Mkikwama kabisa, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi kabla ya kufika wilayani.

Kwenye mkataba wa anayeingia, usiache pengo lilelile. Ongeza kipengele hiki: "Mpangaji anaweza kumaliza mkataba kabla ya muda kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Kodi ya miezi isiyotumika itarudishwa baada ya kukatwa kodi ya siku ambazo nyumba itakaa tupu, isiyozidi miezi miwili." Ule ukomo wa miezi miwili ndio utakaobishaniwa. Kwa nyumba inayopata mtu upesi andika mmoja. Kwa nyumba ya pembeni miwili ni haki, mitatu ni mingi. Msomee kipengele hicho kabla hajatoa pesa, na ukiandika kiasi chochote, kiandike kwa tarakimu na kwa maneno.